Mwanafunzi na joto la Dar: mwongozo wa miezi ya kaskazi

Kuanzia Desemba hadi katikati ya Machi, upepo wa kaskazi unapovuma, mchana wa Dar es Salaam hufika nyuzi 31 hadi 33, na usiku nao haupoi vya kutosha. Ila namba hizo peke yake hazielezi kinachompata mtoto. Jasho hupoza mwili pale linapokauka juu ya ngozi. Hewa ya pwani ikishajaa unyevu wa bahari, jasho halikauki. Linatiririka tu hadi kwenye kola ya shati, mtoto anapoteza maji na chumvi, na mwili uko vilevile moto. Ndiyo maana nyuzi 32 za Dar humlemea mtoto kuliko nyuzi hizo hizo za Dodoma. Kisha mwanzoni mwa Machi jua hupita utosini kabisa: saa sita na nusu mchana, simama uwanjani utakiona kivuli chako kimejikunja chini ya nyayo.

Mwongozo huu ni wa mzazi na mwalimu kwa pamoja. Watoto wengi wanaougua kwa joto hawakuwa wakicheza juani. Wameumizwa na taratibu za kila siku: sweta lisilovuliwa, chupa inayonuka, choo ambacho mtoto anakikwepa tangu asubuhi, paredi ndefu. Taratibu hizo zote zimewekwa na sisi watu wazima, na sisi ndio tunaoweza kuzibadilisha kuanzia Jumatatu ijayo.

Maji: kiasi gani, na kwa nini hayanywewi

Kwa saa za shule, kadiria nusu lita kwa mtoto wa awali hadi darasa la pili, na lita 1 kwa wakubwa. Siku ya michezo ongeza nusu glasi hadi glasi moja kila baada ya dakika 20 za kukimbia. Anywe glasi moja kabla ya kutoka nyumbani, kwa sababu safari ya daladala au kutembea kwa miguu huanza kumkausha kabla hata kengele haijagongwa. Usingoje aseme ana kiu. Mtoto anayecheza husikia kiu akiwa ameshachelewa.

Kipimo rahisi ni mkojo. Mfundishe mtoto kuutazama: ukiwa mweupe au wa manjano hafifu, yuko sawa. Ukianza kufanana na chai ya rangi, anywe maji hapo hapo.

Chupa ya mtoto ioshwe kila jioni, tena kwa brashi na sabuni, siyo kusuuzwa tu. Fungua mfuniko, toa ule mpira wa ndani, utaona utelezi mweusi umejificha chini yake. Huo ndio unaonuka, na ndio unaomfanya mtoto arudi na maji yake yote jioni. Mara moja kwa wiki, weka kijiko kimoja cha chai cha jiki kwenye lita 1 ya maji, loweka chupa na mfuniko dakika 10, suuza vizuri, kisha igeuze chini juu ikauke ikiwa wazi. Mwenye friji ajaze theluthi moja ya chupa usiku, ailaze ubavu kwenye kigandishi, asubuhi aongeze maji ya kawaida. Barafu hiyo itayaweka maji yakiwa baridi hadi karibu na saa sita.

Shuleni tatizo huwa jingine. Simtanki jeusi likikaa juani, maji yake yanatoka ya moto kufikia saa nne, na hakuna mtoto anayekunywa maji ya moto mchana wa Februari. Kisima nacho, sehemu nyingi za mji, kina chumvi. Kwa hiyo maji ya kunywa yatengwe mapema: saa moja asubuhi chota, tibu, na uweke kwenye ndoo yenye koki ndani ya darasa, upande usiopigwa na jua. Mtungi wa udongo unapoza vizuri zaidi, lakini uwe na mfuniko, na maji yatolewe kwa kata yenye mpini mrefu. Piga hesabu kabla: darasa la watoto 80, kila mmoja nusu lita, ni lita 40, yaani ndoo mbili kubwa. Ndoo moja haitoshi, na ikiisha saa tano watoto watakwenda kwenye bomba la kuoshea vyombo. Kila mtoto awe na kikombe chake. Kikombe kimoja cha kamba kwa darasa zima ni njia fupi ya kusambaza kuhara.

Kutibu maji: yachemke hadi yatoe mapovu makubwa kwa dakika 1, yapoe yakiwa yamefunikwa. Ukitumia dawa ya klorini, fuata kipimo cha kwenye pakiti kwa ujazo wa ndoo yako, koroga, subiri dakika 30. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kwa sababu uchafu hula klorini na kuacha vijidudu vikiwa hai.

Sasa choo. Hapa ndipo maji yote hayo yanapopotea bure. Mtoto, hasa msichana, akijua choo hakina mlango au kinanuka, anajizuia kunywa ili asiende. Anapita siku nzima bila kukojoa, anapata maumivu ya kichwa, na baadaye maambukizi ya njia ya mkojo yanayojirudia. Kiwango cha nchi ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Shule nyingi za mjini haziko karibu na hapo. Hata hivyo, komeo la ndani, ndoo ya maji na zamu ya kusafisha mara mbili kwa siku (kabla ya masomo na baada ya mapumziko) hubadilisha mambo bila kujenga tundu jipya. Mwalimu naye asimnyime mtoto ruhusa ya kutoka katika miezi hii. Akihofia utoro, atumie kibao kimoja cha ruhusa: anayekirudisha ndiyo anampisha mwingine.

Nguo na viatu

Sweta ni la Juni na Julai. Shule iandike barua fupi kwa wazazi kwamba kuanzia Novemba hadi Machi sweta na tai si lazima, maana mtoto hatalivua kama anaamini atachapwa. Shati la tetroni linashika joto na halinyonyi jasho. La pamba, au lenye pamba nyingi, ni bora hata kama linakunjamana. Hijabu iwe ya kitambaa chepesi cha pamba, isiyobana shingoni, na chini yake pasiwekwe kofia nzito ya nailoni. Kofia ya ukingo mpana iruhusiwe uwanjani na njiani. Kepu haitoshi, inaacha masikio na shingo.

Viatu vyeusi vya kufunika na soksi vinavyolowa kila siku ndiyo nyumba ya fangasi. Mtoto awe na jozi tatu za soksi, akivua afue, na akaushe katikati ya vidole kabla ya kuvaa. Viatu vilale nje ya begi, vikiwa vimelegezwa kamba.

Ratiba ya siku

Mchakamchaka na vipindi vya michezo viwe kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Katikati ya saa tano na saa tisa, watoto wawe kivulini. Paredi isizidi dakika 10, na matangazo marefu yasomewe madarasani. Mtoto anayeanguka paredini mara nyingi amekuja bila kunywa chochote, kisha akasimama amekaza magoti. Damu imeshuka miguuni na kichwa kimekosa. Walimu wawaambie watoto wachezeshe vidole vya miguu, na anayehisi kizunguzungu aketi chini hapo hapo bila kuomba ruhusa.

Januari inahitaji uangalifu wa pekee. Watoto wengi wametoka kwa bibi, Moshi mlimani, Njombe au Bukoba, kwenye hewa ya baridi. Mwili huchukua siku 10 hadi 14 kuzoea joto: jasho linaanza mapema, na chumvi inayopotea inapungua. Wiki ya kwanza fanya nusu ya mazoezi ya kawaida, ongeza kidogo kidogo, wiki ya tatu ndiyo uende kwa kasi yako. Mwalimu wa michezo anayeanza kwa mbio ndefu siku ya pili ya muhula anakaribisha ajali.

Darasani, fungua madirisha ya pande zote mbili. Upepo hauingii kama hauna pa kutokea. Kabati na mabango yasizibe madirisha. Bati tupu bila dari humwagia watoto joto kama chuma cha pasi, na kupaka bati rangi nyeupe kwa juu hupunguza joto hilo kwa gharama ndogo kuliko dari mpya. Pangaboi husaidia, kwa kuwa joto la Dar mara chache hupita nyuzi 35. Shule isiyo na umeme wa uhakika ihamishie kipindi cha saa saba chini ya mwembe au mwarobaini.

Mtoto amezidiwa na joto: fanya hivi

Kuna hatua mbili, na kuzitofautisha ni jambo la kuokoa maisha.

Ya kwanza ni kuchoshwa na joto. Mtoto anatoka jasho jingi, amepauka, anaumwa kichwa, kichefuchefu, misuli ya tumbo au miguu inakaza, lakini anajibu vizuri ukimuuliza jina na siku. Mpeleke kivulini, mlaze, inua miguu yake juu ya begi, legeza kola na mkanda, mvue viatu. Mpe maji au maji ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kwa funda ndogo ndogo. Mwagia maji shingoni na mikononi. Ndani ya dakika 30 anapaswa kuwa nafuu. Asipopata nafuu, hospitali. Na siku hiyo asirudi uwanjani hata akisema yuko mzima.

Ya pili ni kiharusi cha joto. Mwili una nyuzi 40 au zaidi, na akili imeyumba: anaongea maneno yasiyoeleweka, anapepesuka, anagombana na wanaomsaidia, anapata degedege au anazimia. Ngozi inaweza kuwa kavu, lakini mtoto aliyekuwa akikimbia anaweza kuwa bado amelowa jasho, kwa hiyo jasho lisikudanganye. Kilichobadilika ni akili.

1. Tuma mtu mmoja atafute gari, mwingine awapigie wazazi. Wewe usiondoke kwa mtoto.
2. Mvue nguo za nje, mlaze kivulini.
3. Mmwagie maji mwili mzima, mengi, ndoo baada ya ndoo. Usisubiri maji ya barafu ndipo uanze.
4. Lowesha kanga mbili, mfunike moja kifuani na nyingine miguuni, zibadilishe kila baada ya dakika mbili, kwa sababu zikipata joto la mwili zinageuka blanketi. Watu wawili wapepee kwa maboksi. Kwenye unyevu wa Dar kupepea bila kumwagia maji hakutoshi.
5. Barafu ya duka la jirani ifungwe kwenye kitambaa, iwekwe shingoni, makwapani na kwenye kinena.
6. Akizimia huku anapumua, mgeuze alale ubavu, mdomo ukielekea chini kidogo.
7. Endelea kumpoza ndani ya gari njia nzima. Ukiwa na kipimajoto, simamisha ukifika nyuzi 38.5.

Makosa yanayofanyika: kumnywesha maji mtoto asiye na akili timamu (yanaingia kwenye mapafu), kumpa paracetamol (haifanyi kazi kwenye joto la aina hii na inaweza kuumiza ini), kumpaka spiriti, na kumbeba haraka hospitali akiwa mkavu na amevishwa sweta. Dakika 20 za foleni ya magari Ubungo bila kupozwa zinaweza kumharibia ubongo. Poza kwanza, kisha safirisha huku ukipoza.

Chakula cha begi na cha getini

Wali wa nazi uliopikwa saa kumi na moja alfajiri na kufunikwa ukiwa vuguvugu, saa sita utakuwa umechacha. Vijidudu hustawi kati ya nyuzi 5 na 60, na joto la nje likipita nyuzi 32 chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 1 katika hali hiyo. Njia ni mbili. Ama kikae moto kweli: jaza hotipoti maji yanayochemka, funika dakika 10, mwaga, kisha pakua chakula kinachofuka moshi na ufunge papo hapo. Ama mpe chakula kisichoharibika upesi: chapati kavu, viazi vitamu, karanga, ndizi, chungwa lisilomenywa. Yai la kuchemsha libaki na ganda lake na liliwe mapumziko ya kwanza. Maziwa na nyama ya mchuzi viache nyumbani.

Getini kuna embe bichi lenye chumvi na pilipili, kuna barafu za ukwaju na ubuyu, kuna mihogo. Kuwafukuza wauzaji hakusaidii, watahamia kona ya pili na watoto watawafuata. Shule zinazofanikiwa huwaorodhesha, huwapa sehemu yenye kivuli na maji ya kunawa, na kuwawekea masharti matatu: barafu itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa, matunda yakatwe mteja akiwa amefika badala ya kupangwa tayari, na vyakula vifunikwe kwa kawa au kioo. Mihogo na viazi vinavyotoka kwenye mafuta ya moto ni salama zaidi kuliko juisi ya baridi. Kipindupindu kimewahi kuanzia jijini humu, Agosti 2015, kikasambaa mikoa mingi, na maji machafu ndiyo njia yake kuu.

Mtoto akiharisha, pakiti moja ya ORS iingie kwenye lita 1 kamili ya maji salama: chupa mbili za nusu lita, mimina zote. Usigawe pakiti kwenye glasi. Ikiwa na maji kidogo, chumvi inazidi na kuharisha kunaongezeka. Kila akitoka chooni, mwenye umri wa chini ya miaka 10 anywe nusu glasi hadi glasi moja, mkubwa anywe kadiri anavyotaka. Akitapika, subiri dakika 10, kisha kijiko kimoja kila dakika mbili au tatu. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Ukikosa pakiti: vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa lita 1 ya maji. Choo kikiwa kama maji ya mchele, au kikiwa na damu, au macho yameingia ndani na hajakojoa kwa saa 6, nenda kituo cha afya.

Kibuyu chirizi cha dakika 40

Kunawa mikono ndiko kunakokata kuhara na, kama tutakavyoona, macho mekundu. Shule yenye bomba moja la watoto mia tano haina sehemu ya kunawa. Kibuyu chirizi, yaani dumu la maji linaloinamishwa kwa mguu, kinamaliza tatizo hilo, na watoto wa darasa la tano wanaweza kukijenga wenyewe.

Unahitaji dumu la lita 5 la mafuta ya kula lililooshwa, nguzo mbili zenye panda zenye urefu wa mita 2, fito mbili za mita 1, kamba ya katani au manila, msumari, sabuni ya mche na kokoto.

Chimba mashimo mawili yenye kina cha sentimita 45, umbali wa sentimita 60 hivi, simika nguzo na ushindilie. Pasha msumari moto, toboa tundu kwenye dumu sentimita 12 chini ya mfuniko. Tundu likiwa kubwa kuliko msumari wa inchi 3, maji yataisha kwa watoto 10. Pitisha ufito kwenye mpini wa dumu, uweke juu ya panda. Toboa mfuniko, pitisha kamba, funga fundo kwa ndani, na mwisho wa chini ufunge kwenye ufito wa pili unaolala chini kama pedali, ukiwa umeinuka sentimita 15 kutoka ardhini. Jaza maji hadi chini kidogo ya tundu. Ukikanyaga pedali, dumu linainama, maji yanachirizika, na mkono haugusi kitu. Sabuni itobolewe na kuning'inizwa, ifunikwe na nusu ya chupa ya plastiki isiyeyuke kwa mvua.

Chini yake chimba shimo dogo, jaza kokoto. Watu huliruka hili, na baada ya wiki pana tope na mbu, na watoto wanaacha kunawa. Weka kibuyu kimoja hatua tano kutoka chooni na kingine mahali pa kulia. Teua watoto wawili kwa wiki wa kujaza maji, majina yao yaandikwe ubaoni.

Ngozi na macho

Harara, vile vipele vidogo vya shingoni, kifuani na mgongoni, hutokana na vinyweleo vilivyoziba. Oga kwa maji ya baridi mara mbili, kausha kwa kubonyeza taulo, vaa pamba. Usipake mafuta ya mgando, yanaziba zaidi. Vipele vikiwa na usaha, apelekwe zahanati. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu peke yake, yanahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa. Mashine ya kunyoa isafishwe kati ya kichwa na kichwa, na mzazi asione haya kumwambia kinyozi.

Macho mekundu yalilipuka Dar Januari 2024, wakati shule zinafunguliwa. Virusi vyake husafiri kwa mikono, taulo na mito. Mtoto aliyeambukizwa abaki nyumbani hadi macho yaache kutoa tongo na kuwasha, awe na taulo lake, na afutwe kwa pamba iliyolowa maji yaliyochemshwa yakapoa, kila jicho na pamba yake, kutoka puani kwenda nje. Usimtie mkojo, maziwa ya mama, majani ya chai wala dawa ya macho ya jirani. Matone yenye steroidi yaliyonunuliwa bila kupimwa yanaweza kuharibu kioo cha jicho. Maumivu makali, kuogopa mwanga au kuona ukungu, aonwe na mtaalamu wa macho siku hiyo.

Watoto wanaohitaji jicho la ziada

Mtoto mwenye ualbino avae mikono mirefu, kofia yenye ukingo wa sentimita 7.5 au zaidi kuzunguka pande zote, na losheni ya jua yenye kipimo cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi dakika 20 kabla ya kutoka, akirudia kila saa mbili. Kilisun, inayotengenezwa hospitali ya KCMC mjini Moshi, ni losheni iliyobuniwa kwa ajili yao. Apakwe pia masikioni, nyuma ya shingo na juu ya miguu, sehemu zinazosahauliwa. Darasani akae mbele, lakini siyo kando ya dirisha, kwa kuwa mwako wa jua unamnyima kuona ubao. Wakati wa michezo apewe kazi ya heshima kivulini, kama kutunza muda au kuandika magoli.

Mwenye selimundu (sikoseli) akikaukiwa maji, chembe zake za damu zinajikunja na kuziba mishipa, maumivu yanaanza. Awe na chupa mezani muda wote na ruhusa ya kudumu ya kwenda chooni, asiadhibiwe kwa kukimbizwa, asipozwe kwa maji ya barafu. Homa kwake ni dharura.

Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi. Mtoto aliyefunga apate daku karibu na alfajiri: uji, maharage, tende, ndizi na glasi mbili za maji, chumvi kidogo. Asishiriki mbio, na mchana akae darasani au msikitini penye upepo. Akionyesha dalili zozote za joto tulizoeleza, afunguliwe. Mgonjwa ana ruhusa hiyo, na mwalimu asisite.

Mbu wa mchana

Dengue iliisumbua Dar mwaka 2014 na tena 2019. Mbu wake ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana, hasa asubuhi na kabla ya magharibi, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimkingi mwanafunzi. Anazaliana kwenye maji safi yaliyotuama, na yai hadi mbu huchukua siku 7 hadi 10. Kila Ijumaa, dakika 15: mwaga maji ya vifuu, makopo, sahani za maua, mifereji ya bati. Matairi yaliyofukiwa nusu kupamba bustani ya shule yatobolewe chini au yajazwe udongo. Mayai hustahimili ukavu kwa miezi, kwa hiyo sugua kingo za ndoo, usimwage tu.

Mtoto mwenye homa apimwe malaria. Ikiwa hana na homa inaendelea, omba apimwe dengue, na hadi hapo usimpe aspirini, diklofenaki wala ibuprofen, huongeza hatari ya kutoka damu. Hatari kubwa huja homa inaposhuka, siku ya 3 hadi ya 7: maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, damu kwenye fizi. Wazazi wengi hapo ndipo wanapolegeza macho.

Gari la shule, mashimo na bahari

Gari lililofungwa juani hupanda nyuzi 10 hivi ndani ya dakika 10 za mwanzo, na mwili wa mtoto mdogo huchemka haraka mara tatu hadi tano kuliko wa mtu mzima. Kuacha dirisha wazi kidogo hakusaidii. Utaratibu ni huu: matroni ahesabu watoto wakipanda na wakishuka, namba zilingane. Kisha atembee hadi siti ya mwisho, akiangalia chini ya kila siti, ndipo dereva afunge. Saa mbili na nusu asubuhi shule impigie mzazi wa kila mtoto ambaye hayupo. Simu hiyo moja imetosha kugundua mtoto aliyelala siti ya nyuma.

Mvua za vuli huacha mashimo ya mchanga na kokoto yamejaa maji, na watoto huyaona kama bwawa la kuogelea. Kingo zake ni tope linaloteleza, na katikati kina hushuka ghafla. Mtaa uombe serikali ya mtaa yafukiwe au yazungushiwe uzio, na mtoto aambiwe kwa jina la shimo lenyewe, maana "usiogelee" peke yake haimwelekezi. Mvua ikinyesha, asivuke Msimbazi wala mfereji unaokwenda kasi hata kama maji ni ya magotini.

Baharini, angalia maji kabla ya kuingia. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Watoto hutembea hadi kwenye fungu la mchanga maji yakiwa yamekupwa, kisha yanajaa nyuma yao. Kwa kila watoto watano awepo mtu mzima mmoja anayetazama tu, bila simu mkononi, na pembeni yake dumu tupu la lita 20 lililozibwa mfuniko na kufungwa kamba ya mita 15. Mtoto akizidiwa, rusha dumu, usiruke. Akitolewa hapumui, anza na pumzi tano za mdomo kwa mdomo, kisha mikandamizo 30 ya kifua na pumzi mbili, endelea hivyo hadi apumue au msaada ufike. Aliyemeza maji na kukohoa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata akionekana mzima, kwa sababu shida ya kupumua inaweza kuja saa kadhaa baadaye, akiwa ameshalala.